Ofu yangu moja naimaliza chumbani na muvi za mapenzi, shangazi anataka nikasomewe dua

Binti wa Makorora

Habari zenu jamani, naomba mnishauri maana nyumbani nimeshachoka kujieleza.

Mi nafanya kazi duka la dawa huku Ngamiani, siku sita kwa wiki, kutwa nimesimama, na si kusimama tu, unasikiliza watu, mara mama kaja na mtoto ana homa, mara mzee wa presha, mara kijana anakunong'oneza shida ambayo hataki wa nyuma yake aisikie, yaani ikifika jioni masikio yamejaa. Ofu yangu ni Jumatano. Sasa Jumatano iliyopita niliamka nikafua chapchap, nikanunua bagia kwa mama wa kona, nikajaza chupa ya chai ya maziwa ya iliki, nikatundika kanga dirishani jua lisipige kwenye laptopu, simu nikazima, nikakaa na romantiki komedi tatu, zile muvi za mapenzi za kuchekesha, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kutoka nilitoka kuswali na kujimwagia maji tu, joto la Tanga mnalijua.

Jioni natoka nimepumzika hasa, mwili mwepesi, namkuta shangazi kakaa barazani na jirani, ananiuliza "mwanangu, nani kakuumiza?" Nikamwambia hakuna. Hakuamini. Kwake yeye mtoto wa kike wa miaka 27 kujifungia kutwa anaangalia watu wanavyopendana, basi ama kaachwa ama kuna kitu kimemuingia. Anataka nikasomewe. Shangazi ndo kanilea na nampenda sana, ndo maana hili neno limenikaa rohoni.

Ila kiukweli kuna kitu nakipata nikiwa peke yangu ambacho nikiangalia na watu sikipati. Chukua Notting Hill ya 1999, Hugh Grant ana duka la vitabu London, Julia Roberts ni staa wa sinema. Kuna pale wameshaachana, jamaa anapita kwa miguu soko la Portobello, hasemi neno, na huku anatembea misimu inabadilika, mara jua, mara mvua, mara theluji, mara jua tena, mwaka mzima unaisha ndani ya matembezi mafupi tu. Mwanzoni anapishana na dada mjamzito, mwisho wa soko yule dada kambeba mtoto. Nilirudisha nyuma mara tatu. Ya tatu nikalia, na haikuwa huzuni, niliiona Mgandini, soko napita kila siku asubuhi na jioni na sijawahi kujiuliza yule mama anayeniuzia machungwa mwaka jana alikuwa katika hali gani. Ningekuwa sebuleni na wenzangu wangesema peleka mbele, hapa hamna kitu.

Je, kuna ubaya wowote? Na Jumatano ijayo niangalie nini?

Shosti wa Chumbageni

Hakuna ubaya mwaya. Anayehudumia watu wiki nzima anahitaji siku ya kutohudumia mtu, na hizi muvi zinapumzisha kwa sababu mwisho unaujua tangu dakika ya kwanza, hawa wawili wataishia pamoja, kwahiyo roho haidundi, unabaki kuangalia wanafikaje tu.

Tafuta When Harry Met Sally ya 1989, kaiandika Nora Ephron. Hao wawili wanaanza kwa kubishana ndani ya gari kutoka Chicago mpaka New York, halafu inawachukua miaka 12 kujua wanapendana. Ila nnachokipenda mimi ni vile vipande vya katikati, wazee mke na mume wamekaa kwenye kochi wanasimulia walivyokutana. Wale ni waigizaji ila hadithi zenyewe ni za kweli, zilikusanywa kwa watu. Hivyo vipande mwonyeshe shangazi yako, usianze kumuonyesha muvi nzima.

Mzee wa Raskazone

Binti yangu, salamu. Mimi nimeshavuka sitini na nataka nikutoe wasiwasi. Sisi tumekulia ukumbi wa sinema wa Majestic hapa hapa mjini, na picha za Kihindi za mapenzi tuliziangalia mpaka nyimbo tukazishika kwa moyo bila kujua neno moja la Kihindi, mtu anapanda baiskeli anaimba. Hakuna aliyesema tuna mashetani. Tofauti ni kwamba sisi tulienda ukumbini, tukicheka tunacheka mia tatu kwa pamoja, ninyi mna vyumba na laptopu. Shangazi yako hashangai muvi, anashangaa mlango uliofungwa. Hilo mwelewe.

Halafu msidhani haya mambo yameanza juzi. Mwaka 1934 Marekani walitoa It Happened One Night ya Frank Capra, mtoto wa tajiri katoroka kwa baba yake, anakutana na mwandishi wa habari ndani ya basi, hawapatani hata kidogo. Usiku pesa zimepungua, inabidi walale chumba kimoja, jamaa anafunga kamba katikati ya vitanda viwili na kutundika blanketi. Basi. Blanketi tu juu ya kamba, na picha nzima wewe unalitazama lile blanketi. Ikabeba Oscar zote tano kubwa, picha bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na skripti. Wahindi nao wakaichukua, 1956 ikawa Chori Chori ya Raj Kapoor na Nargis, na 1991 wakaitengeneza tena kwa jina la Dil Hai Ke Manta Nahin, humo yumo Aamir Khan. Angalia ya 1934 kwanza, usiogope kwamba haina rangi, dakika kumi tu utakuwa umesahau.

Mama Wawili Pangani

Mi naungana na wenzangu kuhusu kukaa peke yako, nina watoto wawili wadogo, hiyo siku yako moja ningeilipia. Ila mdogo wangu nikuambie kitu kwa moyo mweupe kabisa, nimeshapita huko. Kwenye hizi muvi mwanaume anakataliwa, anakuja kazini, anakuja nyumbani, anakimbia mpaka eapoti, watu wanapiga makofi. Mimi niliwahi kuwa na mtu wa hivyo, nilimwambia hapana kwa mdomo wangu na akaendelea kunisubiri nje ya geti miezi minne, na kilichonichelewesha kumshtaki kwa kaka zangu ni kwamba kichwani nilishafundishwa kuwa huko ndo kupendwa. Si kupendwa. Hapana ni hapana hata kama jamaa kashika maua. Sikukatazi kuangalia, mimi mwenyewe naangalia mpaka leo, ila pale wanapopiga makofi we jiulize huyo dada kashasemaje.

Kwa kucheka nakupa The Wedding Party ya Nigeria, 2016, yote ni harusi moja Lagos, ndugu wa pande mbili hawapikiki chungu kimoja. Na walioigiza bibi na bwana harusi, Adesua Etomi na Banky W, mwaka uliofuata wakaoana kweli.

Fundi wa Mabawa

Dada chaji laptopu usiku wa Jumanne na muvi zishushe kabisa usiku huo huo, usitegemee mtandao mchana, umeme ukikatika pale wanapotaka kusameheana utaumia.

Binti wa Makorora

Nimerudi jamani, asanteni sana. Mzee wangu shikamoo, hilo la mlango uliofungwa limenisaidia kuliko yote. Dada wa Pangani pole sana, nimekusoma mara mbili na nimekuelewa.

Jumatano hii nilifungua mlango, nikamwita shangazi, nikamwekea wale wazee wa kwenye kochi na kumtafsiria. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Wa kwanza akanyamaza, wa pili akacheka, wa tatu akaniambia simamisha. Akaanza kusimulia na yeye, eti alikuwa anatoka Muheza na kikapu cha machungwa, basi limejaa, kijana mmoja aliyekaa akampakatia kikapu, kufika Ngomeni yule kijana akashuka nacho kwa kusahau. Shangazi akalia njia nzima. Siku ya tatu yule kijana akabisha hodi nyumbani kwa kina shangazi na kikapu, machungwa yote yamo, kayafuta moja moja. Huyo ndo marehemu baba mkubwa Saidi, mumewe. Nimeishi nyumba ile miaka kumi na tisa na hii hadithi sikuwahi kuisikia, na yeye anasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kusomewa hakupo tena. Jumatano ijayo naweka ile ya blanketi, peke yangu, nimeshamuomba, kasema sawa ila bagia nisinunue kwa mama wa kona, atanikaangia yeye.