Dira na ramani ndani ya kreta ya Menengai: je, sindano inaaminika?

MkaziWaLanet:
Hamjambo, wenzangu. Ninaongoza kikundi cha vijana wa kanisa hapa Nakuru, na katika likizo ya Agosti tunakusudia kushuka kwenye kreta ya Menengai, kutembea sakafuni mwake na kurejea ukingoni kabla jua halijatua. Vijana wote wanategemea simu, ilhali mimi ningependa wajue kutumia ramani ya karatasi na dira, kwa sababu betri huisha. Ninayo ramani ya zamani ya Survey of Kenya ya skeli ya 1:50,000, pamoja na dira ya kibao (iliyopachikwa juu ya kibao bapa cha plastiki) ambayo ndugu yangu aliniletea kutoka Uingereza.

Wenyeji husema kwamba Menengai hupoteza watu na kwamba dira hazifanyi kazi mle ndani. Je, kuna ukweli wowote katika maneno hayo? Isitoshe, sindano ya dira yangu huinama upande mmoja na kukwama, hata nikiwa sebuleni. Je, imeharibika? Na mafunzo yenyewe niyaanzie wapi?

MwalimuWaNjoro:
Dira yako haijaharibika. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwingine. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kuelekea kaskazini tu, bali pia huielekeza chini au juu kulingana na mahali ulipo. Kule Ulaya ncha ya kaskazini huvutwa chini, kwa hiyo watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ilale sawa. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake sindano hulala sawa bila kuvutwa chini upande wowote, hupita kaskazini kwetu, nchini Ethiopia, na sisi huku tuko kusini mwake, ambako ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini. Ukijumlisha mvuto huo na ule uzito wa kiwandani, sindano huinama hadi ikagusa kioo. Tafuta dira iliyosawazishwa kwa eneo letu au ile inayotumika popote duniani. Kama huna namna, iinamishe kibao kidogo mpaka sindano izunguke kwa uhuru, ingawa kipimo utakachopata hakitakuwa safi.

Kuhusu Menengai, tuache mapepo kando tuangalie mawe. Sakafu ya kreta imefunikwa na mtiririko wa lava, na mawe ya volkeno huwa na madini ya chuma yenye usumaku. Dira haifi mle ndani, ila inaweza kupotoshwa nyuzi kadhaa katika sehemu fulani, na hatua chache mbele ikarudi sawa. Kwa hiyo wafundishe vijana kuikagua. Wasimame wawili, umbali wa mita 50 hivi baina yao, kila mmoja apime mwelekeo wa mwenzake. Kama wa kwanza amesoma nyuzi 40, wa pili anapaswa kusoma 220, kwa kuwa tofauti lazima iwe 180. Ikiwa wa pili amesoma 231, basi jiwe lililo chini ya mmoja wao linaivuta sindano, na kipimo hicho hakifai. Wahakikishe pia kwamba hakuna aliyeshika simu au panga karibu na dira, maana vyuma vya mtu mwenyewe hupotosha sindano kama lava.

Mafunzo usiyaanzie kwenye nyuzi. Wapeleke ukingoni, pale watalii wanaposimama upande wa kusini, uwaambie waigeuze ramani mpaka ilingane na nchi iliyo mbele yao: kreta kaskazini, mji na Ziwa Nakuru kusini. Kisha watafute mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, iliyobanana hadi karibu igusane, halafu watazame jabali lenyewe. Kijana akishaona kwamba ile mistari iliyobanana ndiyo ukuta uliopo mbele ya miguu yake, amekwisha kujifunza nusu ya kazi. Hatua za dira zitafuata: ukingo wa kibao uwekwe kutoka ulipo hadi uendako, duara la dira lenye nyuzi lizungushwe mpaka mistari yake ilingane na ya gridi (miraba ya ramani) huku herufi ya kaskazini ikielekea juu ya ramani, kisha mtu ageuke mwili mzima mpaka ncha nyekundu ya sindano iingie katika mshale uliochorwa ndani ya duara. Anayeingiza ncha nyeupe atatembea kinyume kabisa, naye atatembea akiwa na uhakika mkubwa.

Usijisumbue na tofauti kati ya kaskazini ya sumaku, inayoonyeshwa na sindano, na kaskazini ya kweli, iliko ncha ya dunia. Hapa kwetu ni ndogo mno, na kosa la nyuzi moja hukutoa njiani kwa mita 17 au 18 tu katika kila kilomita.

MpimaArdhi_Ksm:
Ninakubaliana na Mwalimu isipokuwa jambo moja analoliacha. Vijana hao watachukua simu hata mkiwakataza, na mara watakapotaka kulinganisha simu na karatasi mtapata mkanganyiko ambao hautokani na lava. Ramani za zamani za Survey of Kenya zilichorwa kwa mfumo wa kupanga namba za mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu husoma kwa mfumo mwingine, WGS84. Mkichukua namba za gridi kutoka kwenye simu na kuzitia kwenye ramani hiyo bila kubadilisha mfumo, alama yenu itaangukia karibu mita 300 kusini ya mahali mlipo. Kwa skeli ya 1:50,000 hizo ni milimita 6 tu za karatasi, lakini mtu aliyesimama sakafuni, chini ya jabali la kusini, ataambiwa kwamba yuko juu ya ukingo au amekwisha kuuvuka. Programu nyingi za ramani huruhusu kuchagua Arc 1960 katika mipangilio yake. Fanyeni hivyo nyumbani, si kule chini.

Mkwezi_Kitale:
Mimi hutembea Mlima Elgon zaidi kuliko Menengai, lakini kuna ushauri mmoja unaozunguka kila mahali ambao ningependa vijana wasiubebe: eti aliyepotea ashuke tu na kufuata maji, atafika kwa watu. Ndani ya kreta ya Elgon maji hutoka nje kupitia korongo la Mto Suam, na korongo si barabara. Menengai ni tofauti tena, kwa sababu ni bakuli lililofungwa. Hakuna mto unaotoka, na kila mteremko unazidi kukupeleka katikati ya lava. Aliyepotea humo atafute barabara zilizojengwa kwa ajili ya visima vya mvuke wa kuzalisha umeme. Hizo zinatosha kuwa mpaka wa safari yenu: amueni mapema kwamba yeyote atakayeikuta barabara kabla ya wakati uliotarajiwa asimame hapo.

Na mkilenga njia panda fulani, msiilenge yenyewe. Lengeni makusudi upande wake wa kushoto, tuseme mita 200, ili mkiifikia barabara mjue bila kubahatisha kwamba mnapaswa kugeuka kulia. Mtu anayelenga sawasawa kisha akaikosa hajui ageukie wapi.

MkaziWaLanet:
Ninawashukuru sana. Je, iwapo dira itapotoshwa na mawe, tunaweza kutumia jua na saa ya mkononi? Niliwahi kusoma kwamba mshale wa saa ukielekezwa kwenye jua, kusini hupatikana katikati ya mshale huo na namba kumi na mbili.

MwalimuWaNjoro:
Mbinu hiyo iache. Iliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo jua la mchana huwa kusini daima na halipandi sana. Nakuru iko karibu na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na mwezi wa Agosti liko upande wa kaskazini. Badala yake simika kijiti kilichonyooka, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa, weka kokoto ya pili. Mstari kutoka kokoto ya kwanza hadi ya pili huelekea mashariki kwa makadirio ya kutosha. Kumbuka pia kwamba saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye 36, ndiyo maana kivuli kifupi kabisa hapa hakiji saa sita kamili bali kwenye saa sita na nusu au zaidi kidogo.

Jambo la mwisho ni muda. Kanuni ya kawaida ya wapanda milima ni kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Juu ya lava yenye ncha kali kanuni hiyo haishiki. Kata mwendo huo nusu, na saa ya kugeuka muiandike pembeni mwa ramani kabla hamjaanza kushuka.