Naomba ushauri: TV ya inchi 55 au projekta, kwa tamthilia na muvi?

Wakuu habari. Sebule ipo Tabata, mita 4 kwa 3.5, dirisha linatazama magharibi. Jioni ni king'amuzi, tamthilia na taarifa ya habari, wikiendi muvi. Hela inatosha kitu kimoja.

TV ya inchi 55 ina upana wa sm 122 na kimo cha sm 68. Tamthilia inajaa kioo chote, ila muvi nyingi za sinema ni pana zaidi, 2.39 kwa 1, kwa hiyo picha inabaki na kimo cha sm 51, juu na chini weusi mtupu. Projekta inatoa hata inchi 100, lakini saa 11 jioni jua likiingia picha inapauka. Halafu umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hapo ndipo taa zinapokufa mapema.

(Ile hali ya muvi kuonekana kama tamthilia kwenye TV mpya hainisumbui: muvi ni fremu 24 kwa sekunde, TV inaongeza zake, unazima kwenye mipangilio ya picha.)

Wenye projekta Dar: lumeni (kipimo cha mwanga wa projekta) ngapi zinatosha bila pazia zito? Na kwa vumbi letu, chujio mnasafisha kila baada ya muda gani?