Naomba ushauri: sheria ndogo ya kijiji imekwama wilayani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, niliingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024. Tuna chanzo cha maji ambacho watu wanalima hadi ukingoni na kunyweshea ng'ombe humo humo. Tukaandaa sheria ndogo ya kukilinda, yenye faini, na mkutano mkuu wa kijiji ukaipitisha. Muhtasari na mahudhurio vikapelekwa wilayani, maana kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura 287, haiwezi kutumika mpaka baraza la madiwani liidhinishe.

Tangu hapo kimya. Mtendaji wa kijiji amefuatilia, anaambiwa asubiri. Diwani wetu aliahidi kuulizia, hajatupa jibu. Wakati huohuo kiangazi kinakuja na kina mama wanaanza kuchota tope. Baadhi ya wajumbe wanataka tuanze kutoza faini sasa hivi. Mimi naogopa: mtu akienda mahakamani tutasimamia nini? Na fedha hizo zitakatiwa stakabadhi gani?

Waliowahi kuwa watendaji, madiwani au wanasheria wa halmashauri, naomba mnisaidie haya mawili:

Rasimu ya kijiji hupitia meza zipi kabla ya kufika kwenye baraza, na sisi tumbane nani kwa maandishi?

Je, wakati tunasubiri, kuna namna halali ya kuwazuia wanaolima pale?

Natanguliza shukrani.