Tupeane uzoefu: dawa ya maumivu ilipokuchoma tumbo, mti gani ulikusaidia?

Mama wa Bombo
Jana kijana wangu anaumwa jino, karudi na diklo kumi, vile vidonge vya maumivu (diklofenaki), zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, hakuna jina wala maelezo. Nikakumbuka mwaka wa magoti yangu. Wiki mbili tu za vidonge, usiku tumbo linawaka kama nimemeza kaa. Jirani akanichemshia maganda ya mti wa abasi. Ukali wake jamani! Nafuu niliipata, ila vidonge nilikuwa nimeshaacha, kwa hiyo hadi leo sijui nishukuru kipi. Wenzangu ilikuwaje?

Fundi Katwe
Mululuza, yale majani machungu. Asubuhi kabla ya chai.

Binti Arua
Mululuza kabisa. Kwa uchungu ule hata tumbo linasahau kuuma.

Afande Mstaafu
Watoto nyie. Irki-susi, ule mzizi mtamu wa maduka ya Waarabu. Natafuna kila siku na piroksikamu yangu, ndugu yake diklo, sina shida.

Dereva wa Malaba
Mama umenigusa kidonda, tena kidonda chenyewe. Naendesha trela, Malaba hadi Katuna. Mgongo ulikuwa umekataa kazi, nikawa nameza diklo asubuhi na jioni, miezi mitatu. Siku ukinizidi naongeza ibuprofeni juu yake. Chakula ni soda na mandazi. Na tumbo halikuniuma hata siku moja, hapo ndipo nilipodanganyika. Choo kikageuka cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake siyo ya choo mnachokijua. Nikasema ni mboga ya dodo ya jana.

Tukafika Lukaya. Wachuuzi wamezingira dirisha, nimeshanunua gonja, ile ndizi ya kuchoma, nashuka nitafute maji. Kilichofuata ni sauti ya tanboi (utingo) wangu akipiga mayowe, mimi niko chini kwenye vumbi, nimetapika kitu kama machicha ya kahawa. Niliongezwa damu chupa tatu. Mke wangu aliuza mbuzi wawili.

Daktari akasema si njaa wala pilipili, ni vile vidonge. Vinauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na hizo ndizo zinazofanya tumbo lijipake ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Nikamuuliza, ningechomwa sindano badala ya kumeza? Akacheka. Dawa inalifikia tumbo kupitia damu, sindano haikuokoi.

Fundi Katwe
Pole sana kaka. Gonja ulimaliza?

Dereva wa Malaba
Tanboi alikula.

Mwalimu Jinja
Mnacheka, lakini gonja lina habari yake. Watafiti waliwapa panya aspirini. Waliolishwa unga wa gonja bichi lililokaushwa, matumbo yao yalichubuka kidogo kuliko ya wenzao. Kiambata kilichotajwa ni leukosianidini, jamii ya flavonoidi, kemikali za mimea. Narudia, BICHI. La Lukaya limeiva na limechomwa.

Mtoto wa Mbarara
Basi sisi tungekuwa salama. Matoke mabichi yanachemshwa kila siku tangu nizaliwe, na alsa, yaani vidonda vya tumbo, zimejaa kijijini.

Mwalimu Jinja
Matoke siyo gonja, ndugu. Na nimesema panya.

Mtoto wa Mbarara
Sasa unatuletea habari za panya za nini? Umeulizwa uzoefu.

Binti Arua
Mwacheni mwalimu. Mie maziwa baridi.

Fundi Katwe
Maziwa yanatuliza nusu saa, halafu asidi inarudi na ndugu zake.

Nesi wa Zamu
Afande, shikamoo. Presha yako umepima lini? Ule mzizi wa Kiarabu si mchezo. Kutokana nao ilitengenezwa kabenoksoloni, dawa ya vidonda vya tumbo iliyotumika sana Ulaya, na shida yake ilikuwa ileile ya mzizi: inashusha potasiamu na kupandisha presha. Piroksikamu nayo inapandisha presha.

Wengine, asiyeweza kuacha dawa hizi aombe omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, mapema, na apimwe bakteria wa tumbo, H. pylori. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu, hakuzuii kidonda. Choo cheusi hakichemshiwi majani, ni hospitali siku hiyohiyo.

Afande Mstaafu
Marahaba. Presha haijawahi kunipiga risasi.

Nesi wa Zamu
Afande.

Afande Mstaafu
Nitapima Jumatatu.

Fundi Katwe
Dereva, mgongo je?

Dereva wa Malaba
Upo palepale. Nameza parasetamoli, jioni mke ananikanda kwa samli. Na ile abasi ya Mama inauzwa wapi?

Mama wa Bombo
Mti uko nyuma kwangu, ukipita Bombo simama. Diklo za kijana nimezificha kwenye gunia la mchele. Yuko mlangoni ananitazama vibaya, kesho ning'oe jino au nisubiri?

Nesi wa Zamu
Usiling'oe wewe, Mama!