Nimeandika matumizi miezi miwili nimejiogopa. Nianze kulipa deni lipi ili nikifika 50 niache kazi?

Mwl_Uyole
Wakuu poleni na baridi. Mi mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nakaa Uyole, miaka 37, kazini tangu 2013. Sio kwamba siwapendi watoto ila sitaki nifike 60 bado nasahihisha madaftari ya form two, nataka nikigonga 50 niwe zangu Isyonje na viazi vyangu. Nikamwambia wife (ana genge Mwanjelwa) akacheka akasema utaachaje kazi wakati mshahara unaingia tarehe 23 na tarehe 5 unaniomba mimi nauli ya bajaji.

Iliniuma. Nikanunua kaunta buku nikaanza kuandika kila kitu, mpaka karanga. Basic yangu 1,200,000, ikishapita kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni), bima, chama, bodi ya mikopo 180,000 na benki 310,000 nabaki na kama 420,000. Sasa ndani ya miezi miwili michango peke yake (harusi 2, sendofu, kipaimara, na msiba wa jirani) imekula 265,000. Makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu 38,000, hela sijala sijanywa.

Madeni: benki imebaki miezi 41. Bodi kama milioni 5. Saccos 1,600,000. Alafu kuna kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, nilichukua 200,000 narudisha 9,000 kila siku kwa siku 30, na nisiwafiche hii ni mara ya tatu mfululizo, nikimaliza nachukua tena. Nimefikiria nikatop up benki nizibe hivi vingine vyote nibaki na deni moja. Mnaonaje?

bonde_la_usangu
Mwl bora wewe umeandika, mi nikiandika ntapata presha. Nasoma komenti.

ExAfisaMikopo
Mwalimu nimekaa dirisha la mikopo miaka 6, sitasema wapi. Top up acha. Unavyotop up wanafunga mkopo wa zamani kwa mkopo mpya, miezi inaanza kuhesabiwa upya, bima upya, ada upya, na mwanzoni mwa mkopo ndo riba inakatwa nyingi, kwa hiyo ile miezi uliyoteseka umeitupa. Nimewaona walimu wanatop up kila baada ya mwaka na nusu mpaka wanastaafu hawajawahi kumaliza hata mkopo mmoja. Na kwako hata haitoki ya maana, sheria inataka ubaki na theluthi ya basic, yaani 400,000, wewe uko 420 tayari.

Sasa angalia hiyo kausha damu. 9,000 mara 30 ni 270,000. Umelipa 70,000 kwa kukaa na laki mbili mwezi mmoja, ukiizungusha mwaka mzima ni 840,000 na bado laki mbili yao unadaiwa. Hakuna benki itakufanyia hivyo. Hii ndo ya kwanza, uza hata redio. Ikishakufa usiichukue tena, ile 9,000 ya kila siku ipeleke saccos. Saccos ikiisha nenda benki kaulize salio la kufunga mkopo leo, usizidishe 310 kwa miezi iliyobaki, ukilipa mapema riba ya mbele huilipi.

Bodi iache ya mwisho kabisa. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ilifutwa 2021, kwa hiyo deni halinenepi, linakatwa 15% juu kwa juu mpaka liishe lenyewe. Kuna watu wanakimbilia kulimaliza hilo kwa hasira tu.

MamaTukuyu
Ndaga fijo afisa, umeongea. Mwalimu mwanangu mi nna swali, kwenye hilo daftari mbona sijaona ada wala hela ya wazazi? Au vinalipwa na genge? Maana wanaume mnaandika ya kwenu alafu mnasema familia inatumia kidogo. Mpe na shemeji aandike.

Michango huwezi kuacha, siku na wewe ukifiwa utazika na nani. Ila panga, mimi kwa mwezi nna 40,000 ya michango basi, ikiisha nakwambia mwezi ujao, na msibani nabeba ndizi na unga naenda kupika. Hakuna aliyenisema, na kama wamesema sijasikia.

Misindano_Mafinga
Kamwene. Mi nina neno kwenye hiyo 50. PSSSF hiari ni 55, lazima ni 60. Ukiacha 50 mchango wako upo ila pensheni utaisubiri miaka mitano, hiyo mitano unakula nini? Viazi? Mwaka lumbesa ya viazi ikianguka bei utarudi kuomba part time kwa mkuu wa shule aliyekuwa mwanafunzi wako.

Huku kwetu kuna watu walipanda miti wakiwa kazini, ni kitu kizuri ila ukiwa na madeni utakuja kuikata ina miaka 8, dalali anakupa hela ya kuni. Na mwezi wa 9 wa 10 moto ukipita ndo basi. Maliza madeni kwanza, ukipata milioni ya kwanza iliyotulia weka hatifungani ya serikali (yaani unaikopesha serikali) kule Benki Kuu, BoT, inaanzia milioni 1, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Hiyo ndo ikulishe 50 mpaka 55, viazi viwe mboga.

Mwl_Uyole
Nimewasoma wote. Mama Tukuyu umenipata, ada inalipwa na genge kweli. Jana usiku nikampa wife daftari kama ulivyosema aandike ya kwake. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikajua kuna jambo. Kumbe na yeye ana kausha damu yake, 150,000, alichukua ya ada ya first born akaogopa kuniambia. Hatukugombana, tulibaki tunacheka kama wajinga maana mkusanyaji ni yule yule, anapita kwake asubuhi kwangu jioni.

Kwa hiyo madeni ni matano. Afisa, hesabu inabadilikaje? Ana kibubu chenye 120,000.

ExAfisaMikopo
Analipa ngapi kwa siku na zimebaki siku ngapi?

Mwl_Uyole
7,000. Zimebaki siku 11. Yangu siku 19.

ExAfisaMikopo
Ya kwake imebaki 77,000, vunja kibubu kesho asubuhi kabla hajapita. Inayobaki 43,000 ongeza kwenye yako, hiyo ni siku karibu 5. Alafu akija jioni mkae naye wote wawili mumwambie mnamaliza, maana akimkuta mmoja mmoja atawapa mwingine.