Tupeane uzoefu: wapiga picha wa Kigoma na Tabora tusiolipwa, mapenzi haya yalituanzaje?

Mwanamwanga

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu si wa wapiga picha wa harusi na kipaimara, wale wana mambo yao ya bei na ya kudaiana. Huu ni wetu sisi tunaobeba kamera au simu, tunapiga, hatulipwi, na kesho tunarudi palepale. Nataka kusikia ulianzaje, na kitu gani kilikunasa.

Naanza mimi. Nipo Kigoma mjini, nauza duka la vifaa vya ujenzi. Kilichoninasa ni milima ya Kongo. Mgeni akija huku mwezi wa nane au wa tisa anaweza kuondoka akiamini ziwa hili halina ng'ambo, maana moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la kiangazi vinaziba kila kitu. Halafu mvua za kwanza zinapiga usiku, asubuhi unafungua mlango, milima ya upande wa pili imesimama mpaka mikunjo yake unaiona. Ziwa lina upana wa wastani wa kama kilomita 50, lakini siku hiyo utadhani ukimwita mtu wa ng'ambo ataitika. Niliipiga kwa simu, Tecno ya kawaida tu, na tangu hapo nikawa nachungulia kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Leo ipo? Haipo.

Machweo wanayapenda wote kwa kuwa jua letu linazama majini, upande wa Kongo. Mimi yameshanichosha, kila mtu anageuka kivuli cheusi. Kazi ipo asubuhi, jua linapotokea nyuma ya mji na kuwamulika watu wa mwaloni usoni. Nenda Kibirizi saa moja na nusu, wakinamama wanaanika dagaa. Mara ya kwanza waliniuliza nachaji bei gani. Nikasema sichaji. Wakaangaliana, mmoja akasema, "Basi huyu katumwa."

Karibuni.

Mstaafu wa Reli

Kijana umenikumbusha mbali. Mimi ni wa Tabora, nilifanya kazi reli mpaka nilipostaafu, na kamera niliijua wakati mkanda mmoja una picha 36 na ukiisha umeisha. Wakati ule ukimpiga mtu picha leo, anakuja kuiulizia mwezi mzima. Watu waliamini umeificha.

Alinifundisha padri wa parokia yetu, mtu mkimya, alikuwa na chumba cha giza nyuma ya stoo. Nyeusi na nyeupe tu. Ndani mna taa nyekundu, kwa sababu karatasi ile ya picha haishtuliwi na mwanga mwekundu, kwa hiyo unaona unachofanya. Unaitumbukiza karatasi kwenye dawa ya kwanza, nyeupe kabisa, unatikisa sinia taratibu. Kwanza haitokei kitu. Halafu unaona nywele. Halafu macho. Halafu anakuangalia mtu kamili, na ni jirani yako unayemjua, lakini hujawahi kumwona vile. Baada ya hapo dawa ya kukazia, la sivyo ukitoka nje picha yote inaungua kwa mwanga. Vijana mnaoona picha papo hapo kwenye kioo, sisemi hamjui raha, ila raha hii hamjaionja.

Tabu ya Tabora ilikuwa joto. Dawa ya kusafishia mkanda inataka nyuzi 20, au karibu na hapo; ikizidi, inafanya kazi haraka mno na punje za picha zinavimba kama mchanga. Sasa mwezi wa kumi Tabora nyuzi 20 utazitoa wapi mchana? Padri alinielekeza: maji yalale kwenye mtungi wa udongo, kazi ifanyike usiku wa manane. Mtungi unavuja jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Mke wangu alikuwa anauliza, mwanaume gani anaondoka kitandani saa nane za usiku kwenda kuosha picha za watu wasiomlipa. Hakuwa amekosea kuuliza.

Kamera yangu ilikuwa Yashica. Bado ninayo.

Isevya Boy

Mzee shikamoo. Hiyo Yashica ilikuwa na kipima mwanga? Nimenunua kamera ya mkanda kwa fundi redio hapa Tabora, kipimo chake kimekufa, naambiwa haina kazi tena.

Mstaafu wa Reli

Marahaba. Aliyekwambia haina kazi hajui. Jua kali la mchana, mbingu safi: weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata iwe karibu sawa na namba ya mkanda. Mkanda wa 100, kasi 1/125. Mkanda wa 400, kasi 1/500. Ukiingia chini ya miembe, fungua tundu mpaka f/5.6, na kama mwembe umefunga sana fungua hatua moja zaidi. Tabora miembe haikosekani, utajifunza haraka. Zamani maelekezo haya yalichapishwa ndani ya boksi la mkanda, na vijichoro vya jua na mawingu.

Ila usimweke mtu mahali ambapo majani yanatoboka jua. Uso unakuwa na madoa kama chui.

Dada Karabai

Mimi ni muuguzi, Ujiji. Mkuu Mwanamwanga, wewe lala na milima yako, mimi ni wa usiku.

Nikitoka zamu ya jioni napita njia ya juu ambapo ziwa linaonekana, na siku za giza ziwa lote linawaka. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Enzi za baba zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ndiyo asili ya jina langu hapa. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola, mwanga wake ni mweupe zaidi, na kwa picha mimi naupenda ule wa manjano wa zamani, lakini nani atarudi kwenye mafuta ya taa kwa ajili ya picha yangu?

Ambacho wageni hawakijui ni kwamba kalenda yetu ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti dagaa vizuri, kwa hiyo karibu na mwezi mpevu wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Mtu anakuja na kamera ya mamilioni kwenye mwezi mpevu, anakuta ziwa jeusi, anasema Kigoma tumedanganya. Kaka yangu ni mvuvi, kabla sijatoka namuuliza kwanza: giza limeingia?

Namna ninavyopiga: simu kwenye modi ya kuseti mwenyewe, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 400, shata ikae wazi sekunde 8 mpaka 15, na saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Stendi sina, natumia mfuko wa unga wa kilo mbili nilioujaza mchanga, nausimamishia simu juu. Mtumbwi unasukwa na mawimbi, kwa hiyo taa inajichora kama mtu kaandika na kuunganisha herufi. Kiangazi kusi likivuma inakuwa fujo ya mistari tupu. Nyakati za mvua, usiku ambao haijanyesha, ziwa linatulia na kila taa inabaki nukta na mche wake majini. Ndizo picha zangu nzuri zote.

Zile picha nilizisafisha Kigoma mjini, nikampelekea kaka yangu moja kambini. Wenzake waliigombania kutafuta taa ipi ni ya nani. Kwangu ilikuwa picha ya ziwa. Kwao ilikuwa ramani: huyu alikaa hapa, yule alimwingilia mwenzake, ndiyo maana alipata nyingi. Nusura wapigane. Mkiniambia kuna malipo zaidi ya hayo nitakataa.

Kiloleni Mjanja

Simu si kamera. Samahani lakini tuambizane ukweli.

Mwanamwanga

Tumeshaambizana mara mia. Kitambuzi cha mwanga cha simu ni kidogo, usiku punje zinaota, ukivuta karibu picha inavunjika, yote tunayajua. Una picha ya kutuonyesha au una kamera tu?

Kiloleni Mjanja

Nina kamera 😂 Nitapiga mkuu, nitapiga.

Mpanda Boti

Kwenye uzi huu lazima Gombe, hifadhi ya sokwe, itajwe. Nilikulia kwenye boti za abiria zinazopita kaskazini mwa Kigoma, na Gombe hufiki ila kwa maji, kwa hiyo tangu utoto nilikuwa naona wazungu na malenzi yao marefu kama mabomba. Nikajua picha ni kazi ya watu wenye mabomba.

Nilipokuja kusoma habari za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, ndipo nikaelewa. Alifika Gombe Julai 1960, na kwa muda mrefu sokwe walikuwa wanamkimbia. Hakuna picha ya maana ambayo ingepatikana. Mpiga picha Hugo van Lawick alitumwa mwaka 1962, na yeye ndiye aliyeionyesha dunia sokwe wa kwetu wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa. Wakaja kuoana 1964. Sasa fikiria kazi ile: mnyama mweusi, ndani ya msitu mweusi, kwa mikanda ya wakati ule.

Nilipata nafasi ya kupanda na kundi la wenzangu, kiingilio cha sisi wenyeji ni nafuu. Mnapewa saa moja na sokwe, flashi marufuku, mnakaa mbali nao. Kamera niliazima kwa binamu. Nilichokiona ni kwamba kamera ina ubishi wake: ikiona nyeusi nyingi inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, na sokwe anatoka wa kijivu kama kamwagiwa majivu, majani nyuma yake yameungua. Ilibidi niipunguze hatua moja kwa makusudi. ISO 3200, na bado kasi ilikuwa ndogo. Katika zote iliyo safi ni moja, dume limekaa limeshika tama. Jicho limepata tone la mwanga kutoka juu. Basi.

Mimi ni mtu wa boti, naona maji kila siku. Tangu siku ile naangalia mwanga unaingilia wapi, hata nikiwa napakia magunia ya mchikichi. Nahodha ananiuliza unatafuta nini juu.

Binti Mnyamwezi

Naunga tela nikiwa Tabora. Mimi napiga watu, sipigi ziwa wala sokwe, na kwa watu shida si mwanga, shida ni ruhusa. Nilianza kwa bibi yangu kule kijijini, Sikonge, wakati wa kurina asali. Alikataa kupigwa picha akiwa na nguo za kazi. Akaingia ndani, akaoga, akavaa khanga mpya, akakaa kwenye kiti wima kama yuko studio, mikono magotini, hacheki. Mimi nilitaka ile ya moshi na mzinga, ile "ya asili". Nilipiga yake kwanza. Halafu akavua khanga akarudi kazini, na wakati ule hakujali tena kamera.

Sasa ndiyo kawaida yangu. Nasalimia kwanza, mwangaluka, habari za nyumbani, nakaa. Mtu anapigwa anavyotaka mwenyewe, na hiyo ndiyo naisafisha nampelekea. Zangu zinakuja baadaye. Watu wengi vijijini picha yao pekee ni ya kitambulisho, na ile hakuna anayeipenda.

Angalizo kwa wageni wa mchezo huu: majengo ya zamani ya huku yanavutia, tembe la Livingstone pale Kwihara, boma la Wajerumani, lakini reli, bandari, madaraja na kambi usielekeze kamera bila kuomba. Niliwahi kuzuiwa na mlinzi mahali fulani karibu nusu siku nikieleza kwamba napiga mwembe. Alichoshindwa kuelewa ni pale aliponiuliza nani ananilipa.

Mwanamwanga

😂😂 Hilo swali litatuua.

Isevya Boy

Dada, hizo unazowapelekea unasafisha saizi gani? Gharama hazikushindi?

Binti Mnyamwezi

Saizi ya postikadi tu. Nasubiri zifike kama kumi ndipo naenda nazo studio, wananipunguzia kidogo. Mwezi nikiwa sina, watu wanasubiri. Na hao wanauliza kweli, kama Mzee alivyosema, wanaamini nimeificha.

Isevya Boy

Sawa. Mzee, swali la mwisho. Kuna lenzi ya mm 50 inauzwa mkononi, bei imeniridhisha mpaka naogopa. Niangalie nini?

Mstaafu wa Reli

Nenda na tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, uangalie kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata akikupa bure, na usiihifadhi pamoja na nyingine. Zungusha pete ya fokasi, isikwaruze. Angalia vipande vya tundu visiwe na mafuta, vifunge na kufunguka bila kusita.

Ukishainunua, usiiweke kwenye mkoba wa ngozi masika nzima, ndiko kuvu inakozaliwa. Weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mchele watu wanausifia, mimi nauogopa vumbi lake. Jumamosi nipo nyumbani, kama muuzaji yuko Tabora mjini njoo nayo tuimulike pamoja kabla hujatoa hela.