Niacheni na kura yangu: hapa Nakuru "chama kikubwa" ni cha miaka mitano tu

Wadau wa Nax, leo naandika nikiwa na hasira na sitaomba msamaha.

Tangu niseme kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu kwamba 2027 kura yangu ya gavana nampa mgombea wa chama ambacho wengi hapa hata alama yake hawaijui, nimegeuzwa adui. Mwenye duka ananiita msaliti mbele ya wateja. Jamaa wa bodaboda niliyemzoea sasa hapokei simu zangu. Na shemeji yangu, mtu niliyemsaidia karo ya mtoto, amenitumia ujumbe mrefu wa sauti kunieleza kwamba kura ya chama kidogo ni kura ya kuflashi chooni. Shemeji, hicho choo unakiflashi na maji gani? Maji ya kwetu huja usiku wa manane, tena yakijisikia.

Wote wimbo ni mmoja: "unapoteza kura". Hebu tukumbushane basi, maana naona watu wana usahaulifu wa kujitakia.

2013 hapa ilikuwa chama cha TNA. Kinuthia Mbugua aliingia nayo ugavanani, na asiyekuwa TNA hakuwa mtu. Iko wapi leo? Ilivunjwa 2016 ili iundwe Jubilee. 2017 wimbi likawa la Jubilee, Lee Kinyanjui akapita nalo. Miaka mitano baadaye Lee huyo huyo, akiwa na Jubilee hiyo hiyo, akaangushwa na Susan Kihika wa UDA. Na UDA nayo ilitoka wapi? Mwaka 2020 ilikuwa ingali inaitwa PDR, jina ambalo ungelitaja kwenye stendi ya matatu watu wangedhani ni dawa ya minyoo. Ikabadilishwa jina, ikapewa alama ya wilbaro, na ghafla ikawa chama kikubwa. Sasa tangu DCP, chama cha Gachagua, izinduliwe Mei 2025 naona baadhi yenu mnaanza kuficha kofia za njano za UDA chini ya kitanda. Mnadhani hatuwaoni?

Chaguzi tatu, magavana watatu, vyama vitatu. Mmehama zaidi yangu mimi, halafu msaliti ni mimi!

Halafu kuna vijana wa juzi wanauliza humu, kwani meya wa jiji la Nakuru ni nani? Hakuna. Tulipewa hati ya jiji na Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, ngoma zikapigwa, tukajiona tumefika. Lakini chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, jiji linaendeshwa na bodi na meneja, na hao wote huteuliwa. Hakuna debe lao. Hata enzi za mameya msidanganywe kwamba tulikuwa na raha, meya alichaguliwa na madiwani wenzake, na ilikuwa kawaida kusikia madiwani wamefungiwa hotelini mbali na mji mpaka siku ya kura ifike. Mwananchi wa Bondeni au Kaptembwa hajawahi kupewa karatasi ya kura iliyoandikwa meya.

Kwa hiyo gavana ndiye meya wetu, tupende tusipende. Lakini kaunti hii ina maeneo bunge 11, na jiji ni mawili tu, Nakuru Town East na Nakuru Town West. Wenzetu wa Molo na Kuresoi wana shida zao za viazi na barabara za mashambani. Naivasha wana mambo yao ya maua. Siwalaumu hata kidogo, wana haki ya kupiga kura kwa ajili ya kwao. Lakini mgombea akishajua wimbi litambeba kutoka Mau hadi Naivasha, ana haja gani ya kuja kutueleza habari za jaa la taka la Gioto? Ana haja gani ya kufika Mwariki kuona watu ambao ziwa limewafuata hadi mlangoni? Nani atamuuliza kuhusu maji ya visima yenye floridi, yanayowaharibu watoto wetu meno, wakati kazi yake ni kupanda juu ya gari, kupunga mkono na kutuambia tupige suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi MCA, diwani wa kaunti?

Mgombea ninayemtaka nimemsikiliza akiongea kuhusu taka saa nzima bila kutaja jina la mtu wa Nairobi. Alijua lori ngapi za taka zinafanya kazi na ngapi zimekufa. Sijasema ni malaika. Jina lake silitaji kwa sababu nawajua, uzi utageuka kuwa wa kabila lake kabla ya saa sita mchana.

Na kabla hamjaniuliza kadi ya chama iko wapi: Juni 2021, Wakenya walipoanza kuangalia kwenye mtandao kama wamesajiliwa katika vyama, nilikuta jina langu kwenye orodha ya chama ambacho sijawahi kuomba uanachama wake, sijalipa hata shilingi, sijatia sahihi popote. Maelfu walilia kilio hicho hicho, mnakumbuka. Nambari ya kitambulisho changu waliitoa wapi? Kwenye kitabu cha askari wa getini? Kwenye rejista ya wakala wa pesa za simu? Hakuna aliyenijibu mpaka leo. Halafu hao hao walioniandikisha usingizini ndio wa kunifundisha uaminifu kwa chama.

Sasa ile hoja yenu moja yenye kichwa na miguu, kwamba nitagawa kura na mgombea mbaya zaidi apite katikati. Hiyo naijibu kwa heshima kwa sababu ni kweli inawezekana. Katiba inasema gavana ni yule mwenye kura nyingi kuliko wengine, basi. Hakuna nusu na moja kama ya rais, hakuna duru ya pili. London ya Uingereza (si huu mtaa wetu wa London wa pale Gioto), hadi uchaguzi wa meya wa 2021 mpiga kura alikuwa anaweka chaguo la kwanza na la pili. Ungempa mtu wa chama kidogo la kwanza, ukaweka akiba ya la pili kwa mkubwa unayemvumilia. Wameuondoa mpango huo, 2024 walipiga kura moja kama sisi. Lakini sikilizeni hii: uchaguzi wao wa kwanza kabisa wa meya, mwaka 2000, chama cha Labour kilimnyima Ken Livingstone tiketi. Akasimama kivyake, akashinda, na mtu wa Labour akawa wa tatu. Wapiga kura wangeogopa kugawa kura, angeenda nyumbani.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. 2022, siku ile ile wilbaro ilipofagia kaunti hii, watu wa Bahati walimchagua Irene Njoki wa Jubilee awe mbunge, na hapa Nakuru Town West Samuel Arama akarudi bungeni kwa Jubilee hiyo hiyo mliyosema imekufa. Kule Trans Nzoia, George Natembeya, ambaye mlimzoea hapa hapa mjini akiwa kamishna wa Bonde la Ufa, alichukua ugavana kwa DAP-K, chama kilichoundwa 2021. Walivua suti wakachagua mtu.

Kama kweli kugawa kura kunawakosesha usingizi, dawa mnayo nyinyi. Tiketi iko mikononi mwenu. Mpeni mtu wa maana, kwa mchujo ambao watu wanauona kwa macho, nami nitamfikiria. Lakini mkituletea mtu aliyepewa tiketi kwa simu, kisha mkaja mtaani na mia mbili na pakiti ya unga kutuambia tumbebe, msinililie mimi kura zikipungua. Hizo kura hazikuwa zenu. Nani aliwauzia?

Viongozi wa wadi wa hivyo vyama vikubwa mko humu, nawajua. Jibuni matatu tu: mgombea wenu wa ugavana atapatikanaje, taka za Gioto atazipeleka wapi, na meneja wa jiji atawajibika kwa nani. Nitasoma jioni nikitoka kazini. Atakayekuja na kabila la mgombea wangu badala ya jibu, huyo asahau kujibiwa.